Neno "Kudumu" Mahakamani

Nyumbani kwa Mama,
Alhamisi, 14 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine. Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima wa mwili. Moyo ndio hautulii.

Ni ile kesi ya mdogo wetu. Unakumbuka alivyoanguka kifafa kwenye kiwanda cha mikate, akaambiwa asirudi. Wakili wetu aliishika sheria ya usawa, inayokataza kumbagua mfanyakazi mwenye "ulemavu wa kudumu". Nikadhani mambo yamekwisha.

Kumbe bado. Wakili wa kiwanda, yule tuliyembatiza Miwani, akasema kifafa kinachomjia mara mbili tatu kwa mwaka hakiwezi kuitwa cha kudumu. Siku nyingine zote huyu ni mzima kama sisi. Mama akaninong'oneza, "Walimfukuza kwa kuwa mgonjwa. Leo amepona?" Nikamfinya anyamaze.

Hakimu akamgeukia mdogo wetu. "Hali hii hukuacha?"

Unajua alivyo, maneno yake mpaka yavutwe. Lakini safari hii akasema, "Haijawahi kuniacha, mheshimiwa. Huwa imenyamaza tu. Hata sasa nimesimama mbali na kona ya meza, nisije nikajigonga."

Jana hukumu ikasomwa. Hakimu alisema sheria hiyo iliandikwa kumkinga mtu, na maneno yake yasomwe kwa nia hiyo. Kudumu si kuonekana kila siku, ni kutoondoka. Arudishwe kazini, awekwe chumba cha kufungashia, mbali na tanuri.

Ningependa kukuambia tunashangilia. Lakini kiwanda kinakata rufaa, na majaji wa juu wanaweza kulisoma neno hilohilo vingine. Hata hivyo Jumatatu anaanza. Mama amepiga pasi sare yake, anaikunja, anaikunjua. Leo asubuhi mdogo wetu aliniuliza, "Nikianguka tena mbele yao, nitakuwa nimeshinda au nimeshindwa?" Mpigie simu Jumapili, Dada. Wewe anakusikiliza.

Mama anakusalimu sana, na Baba Mdogo pia. Nibusie watoto. Mungu akufunike huko uliko, na atufunike na sisi.

Mdogo wako akupendaye bila kuchoka.