Mkono wa Kushoto na Ngazi ya Ghala

Matisi, Kitale
27 Septemba 2024

Mpendwa Dada Nakhungu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini kwamba wewe, shemeji Wabwile na watoto hapo Matulo hamjambo. Je, goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Mimi namshukuru Mungu, ni mzima, na hamu yangu ya kula haijapungua, kama Mama Nyaruai mwenye nyumba anavyowatangazia majirani. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Nimekupigia mara tatu juma hili, na kila mara nikaishia kuuliza habari za ng'ombe.

Kwanza, asante kwa kuja Bungoma Jumamosi iliyopita. Na goti hilo, bado ukabeba chupa ya uji na mayai kumi ya kuchemsha! Wenzangu waliyamaliza mayai kabla sijavua shati, na mpaka leo wananiuliza dada atakuja tena lini.

Sasa nikueleze ulichokiona jukwaani. Katika mchezo wetu huu wa kutunisha misuli, ukubwa peke yake hautoshi. Majaji wanatazama kama kulia kunalingana na kushoto. Mkono wangu wa kushoto ni mdogo kuliko wa kulia kwa inchi moja na nusu. Mwalimu wetu wa jimu, Gichuki, hutupima kila mwezi kwa tepu ya fundi cherehani, nami kila mwezi nilikuwa nikitoka pale na aibu. Kwa ujuaji wangu nikaamua kuinua vyuma kwa mkono wa kushoto tu, miezi mitatu, bila kumwambia. Mkono ukakataa kunenepa, bega ndilo likapanda. Gladwell wa kwaya akaniuliza mbona siku hizi naimba kama mtu aliyebana simu begani. Gichuki alipogundua alinigombeza, ati mwili si gunia la kujazwa upande mmoja. Kisha akaushika mkono, akasema mfupa uliwahi kuvunjika, na kwamba yeyote aliyeufanyisha kazi utotoni aliuokoa, la sivyo ungenyauka.

Aliyeufanyisha kazi ni wewe, Dada. Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na minne. Ulinibeba mgongoni hadi kwa mzee wa kuunga mifupa, na nilipofunguliwa bandeji ukanilazimisha kumkamua yule ng'ombe wetu mwekundu kwa mkono wa kushoto kila asubuhi. Nikilia, uliimba kwa sauti zaidi ili mama asisikie. Hukuniruhusu kubadilisha mkono mpaka kikombe kijae. Nimekuwa wa nne kati ya watu kumi na mmoja, na nafasi hiyo ni yako.

Lakini nilipowageuzia majaji upande wa kushoto, nilikuona ukijifunika uso kwa leso. Baadaye ukaniambia pole, ukasema kama ungekumbuka kuondoa ile ngazi ya ghala, leo ningekuwa wa kwanza. Miaka ishirini na miwili, Dada! Nami nikaendelea kunywa uji wako.

Ngazi uliiondoa. Uliilaza nyuma ya jiko kama mama alivyokuagiza, ukaifunika kwa mabua ya mahindi. Mimi ndiye niliyeiburuta na kuisimamisha tena, kwa sababu ya ndizi mlizokuwa mmeziweka ghalani ziive. Nilipoanguka na mama akauliza, nilisema nimeikuta imesimama. Ulichapwa nikitazama. Ukakubali kwamba ulisahau, na naona uliamini kweli, maana mpaka leo hufungi mlango bila kurudi mara tatu kulitikisa kufuli. Shemeji hukutania, sote tunacheka, nami nimekuwa nikicheka pamoja nao. Hilo linaniuma kuliko mkono ulivyowahi kuniuma.

Nisamehe. Mama nitamwambia mwenyewe Krismasi, wewe ukiwepo. Ukinikasirikia ni haki yako, ila usiseme tena kwamba ulisahau.

Wasalimie shemeji na watoto, na Mungu akuponye goti. Barua hii anaileta Phelista, anayepitia hapo kwenu. Mpe chai, ana safari ndefu. Na kesho ukienda shambani, funga mlango mara moja tu, halafu nenda.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Wangila