Mtihani wa Taa

Jumanne.

Kamau mwanangu, kutoka Gitothua hadi hapa Thika ni mbali kiasi gani hata nisikuone tangu mvua ianze? Daftari hili hutalisoma, kwa hivyo nitakutukana vizuri.

Leo nimefanya mtihani wa kwanza maishani. Mimi, niliyejua herufi kwa kuchungulia madaftari yako ya shule! Msichana wa kliniki ya macho alinifunika jicho moja, akanikalisha kidevu kwenye mashine, akanipa kitufe, akaniita bibi kwa Kikuyu. "Shosho, ukiona taa, bonyeza."

Taa zilikuwa chache mno. Nikaona nitaanguka mtihani, nikaanza kubonyeza tu, kama anayekamua ng'ombe.

Akacheka. "Shosho, unaiba mtihani! Unabonyeza hata taa haijawaka."

"Na hiyo mashine yako ni mchongezi," nikamwambia.

Tukarudia kwa ukweli, macho yote mawili. Daktari akaweka karatasi zangu kando ya picha walizopiga nyuma ya macho. Pembeni kote ni giza. Akasema ni presha ya macho, imeenda mbali, na kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kishimo cha kuonea kilichobaki katikati. Alipaza sauti kana kwamba nimeletwa kwa ajili ya masikio.

Naogopa, Kamau. Nimesema mara moja, sirudii.

Ukija, usikae kando ya mlango kama mgeni mwenye haraka. Vuta kiti ukae mbele yangu kabisa, nikuone uso.