Ahadi Niliyompa Mpuliza Zampogna

Jumamosi, Desemba. Theluji imeanguka tangu asubuhi na moyo wangu ni mzito. Nimerudi nyumbani kutoka kazini, hata viatu sijavua.

Nimevunja ahadi niliyompa mzee wa watu.

Mzee Donato ni mmoja wa wale ninaowahudumia kwenye nyumba ya wazee. Alikuja Toronto akiwa kijana, akajenga maghorofa ya watu, na Jumapili akawa anapiga zampogna, zumari ya kwao Italia yenye mfuko wa ngozi ya mbuzi. Kikundi chao cha muziki, cha watu waliotoka kijiji kimoja, kimebaki na watu watano. Anayejua kupuliza zampogna ni yeye tu. Kila Desemba huwapigia wenzao nyimbo za Krismasi, na mwaka huu walipanga kupiga ukumbini kwetu.

Jumanne nilimkuta akifanya mazoezi. Alikata wimbo katikati, midomo imebadilika rangi, ameshika kitanda kwa mikono miwili.

"Usimwambie mtu, binti yangu," alisema alipopata pumzi. "Mpaka Jumamosi tu. Baada ya hapo hata wakiichoma moto zampogna yangu, sawa."

Nikamwahidi.

Nusu saa baadaye niliandika kila kitu kwenye faili lake. Daktari akamkataza kupuliza.

Leo wenzake wamekuja. Walipiga kodiani na matari. Sehemu ya zampogna wakaifungulia kwenye spika: ni yeye mwenyewe, walimrekodi zamani, mapafu yake yakiwa bado mazima. Watu wakashangilia. Mzee alikaa mbele kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kizibao chekundu cha kikundi, anajisikiliza. Wimbo haujaisha, akaniashiria nimtoe.

Kwenye korido nikamwambia, "Nisamehe, Mzee. Niliogopa ungetufia."

"Najua. Ulifanya kazi yako."

Tulipofika mlangoni kwake akasema:

"Kesho waambie waniletee mtu mwingine."

Nilimvua kizibao, nikamlaza. Hakunitazama.

Ndani ya basi nimejiuliza njia nzima. Jumanne ile ingerudi, ningeandika tena. Nisingeweza kumkuta sakafuni halafu niseme nilikuwa sijui. Lakini nisingeahidi. Nilikubali haraka kwa sababu nilitaka anipende, na hilo ndilo linaloniuma.

Kesho nitamwomba msimamizi anibadilishe, kama mzee alivyotaka.

Hilo angalau nitalitimiza.