Ngoma ya Kumwamkia Mwalimu

Bangkok, 8 Juni 1930

Mdogo wangu Lamiat,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila vidole vya mkono wa kushoto vimevimba kidogo. Hujambo wewe? Na kifua cha Baba, bado kinambana asubuhi?

Jumamosi nilipigana mara ya kwanza tangu nifike. Hapa hawafungi tena mikono kwa nyuzi kama alivyotufunga Baba. Tangu mpiganaji mmoja afie ulingoni, nyuzi zimepigwa marufuku. Sasa tunavaa glovu nene. Nilipoinama kwa mkao wa kwetu Chaiya, watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Huyo anatafuta choo?" Nilishinda, lakini kicheko kile nililala nacho.

Najua Baba hataki kusikia jina langu tangu niondoke kufuata ndondi za mjini. Akiuliza, mwambie kabla ya pambano nilicheza ngoma ya kumwamkia mwalimu, na nilielekea kusini, aliko yeye.

Kaka yako,
Prung

Chaiya, 29 Juni 1930

Kaka Prung,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Baba anakohoa, lakini bado anawagombeza bata kwa nguvu zote.

Nilimsomea barua yako, na kicheko nilikisoma, maana nikiruka neno ananiona usoni. Alikuwa ananoa kisu. Akasema, "Mimi sina habari na mtu anayepigana na mito ya kulalia mikononi." Nikaikunja. Akanoa weee, kisha akasema, "Hebu rudia pale alipoinama." Nikarudia.

"Wacheke," akasema. "Mkao ule mwalimu wangu alifundishwa na mtawa wa hekalu letu, na mtawa, askari wa zamani, aliuleta kutoka vitani. Waliocheka waulizwe yule aliyepigwa ana meno mangapi leo."

Uwanja wa mazoezi hauna mtu. Vijana wote wanataka glovu. Jioni Baba hukaa kwenye ngazi akiutazama tu.

Mdogo wako,
Lamiat

Bangkok, 2 Desemba 1930

Mdogo wangu,

Habari za huko? Mvua zimekwisha? Mimi mwili mzima. Unisamehe kwa kimya.

Mwenye kambi yetu ya ndondi alitukataza kuicheza ngoma yote, eti watazamaji wanachoka. Miezi yote hii nimekuwa nikipiga goti, nikiinama, basi. Juzi ilikuwa sherehe kubwa, akasema tuicheze nzima. Zumari ikaanza. Nikacheza mashariki, nikacheza kusini. Nilipogeukia magharibi, mwili ukakwama. Sikujua mguu gani unafuata. Nikainama kama mtu aliyemaliza. Hakuna aliyegundua ila mimi.

Usimwambie Baba. Lakini nisipomuuliza yeye, Lamiat, nitamuuliza nani?

Kaka yako,
Prung

Chaiya, 11 Januari 1931

Kaka Prung,

Shikamoo. Mimi sijambo. Baba amekonda, lakini subiri nikueleze.

Nilimsomea, ingawa ulinikataza. Wali na yai la bata la chumvi vikapoa mbele yake. Ndipo nikasema, "Baba, mimi ninaijua."

Akanitazama. Nikamwambia ukweli: miaka yote mliyokuwa mkifundishwa, mimi nilikuwa jikoni nakoroga tui na kuchungulia. Nikatoka uani, nikaicheza mbele ya bata, magharibi mpaka kaskazini.

"Goti chini zaidi," akasema. "Unamwamkia mwalimu au unafukuza bata?" Nikashusha. Akanyoosha kidole kwenye uwanja. "Njoo huku."

"Baba, mimi mwanamke. Huko wanawake hatukanyagi."

"Naona kuwa wewe ni mwanamke. Mimi mzee, si kipofu. Njoo."

Tangu siku hiyo ananifundisha kila asubuhi. Amenifunga na nyuzi mikononi. Nilitaka kukuandikia ule mguu wa magharibi, akanizuia. "Hii haifundishiki kwa karatasi," akasema. "Mwambie aje."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, kaka. Aje.

Mdogo wako,
Lamiat

Bangkok, 10 Februari 1931

Mdogo wangu,

Nimelisoma neno hilo moja mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata mchumba. Nina mapambano mjini Korat niliyokwisha kuyaahidi. Yakiisha ninakuja, tuwe pamoja mwaka wetu mpya, mwezi wa Aprili. Nitammiminia Baba maji mikononi kama ilivyo desturi, na kumwomba radhi. Mwambie hivyo. Mwambie asiache kula.

Kaka yako,
Prung

Chaiya, 25 Machi 1931

Kaka Prung,

Nilikupelekea simu ya maandishi, sijui kama ilikufikia. Baba hatunaye. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, akanirekebisha kiwiko, akasema anapumzika kidogo. Niliporudi kumtazama alikuwa ameshaondoka.

Tulikungoja mpaka watawa wakasema haifai kungoja zaidi. Kabla ya moto wa kuuchoma mwili wake kuwashwa ilibidi mwanafunzi wake acheze. Hakukuwa na mwanafunzi ila mimi. Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Mwanamke huyu atatutia nuksi." Mzee aliyekuwa akimpigia Baba zumari akaanza kupiga. Nikacheza pande zote nne.

Mdogo wako,
Lamiat

Bangkok, 9 Aprili 1931

Lamiat,

Simu na barua nimezikuta pamoja niliporudi kutoka Korat. Nimeshinda mapambano yote. Sijui niwaambie nini watu wanaonipongeza.

Nilidhani Baba angeningoja. Nimekuwa nikiyapanga maneno ya kumwambia njia nzima, na sasa sina pa kuyapeleka.

Kambi nimeiaga. Nina ombi, na siliombi kama kaka. Utanipokea nije kujifunza kwako?

Prung

Chaiya, 17 Aprili 1931

Kaka Prung,

Shikamoo. Mimi sijambo, bata hawajambo.

Njoo. Uwanja nimeufagia. Nitakurekebisha goti mbele ya watu, na ukinuna nitakuacha unune. Mguu wa magharibi ninao, na mingine usiyojua kama umeisahau. Yote nitakupa kama nilivyopewa.

Ila sauti ya Baba siwezi kuiiga, kaka. Nimejaribu peke yangu, haitoki. Hiyo tutakuwa tunaingoja wote wawili.

Mdogo wako,
Lamiat