Kupoza

Jumanne jioni, Nyegezi

Leo darasani nimesema kama mtu anayejua. Nimewaandikia Kidato cha Pili ubaoni: kitenzi "kupoza" kimetokana na "kupoa". Uji unapoa, mtu anaupoza. Hasira nayo vivyo hivyo.

Neema wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, na ikikataa kupoa?"

Nikamwambia tuendelee na zoezi. Limeniudhi swali lile mpaka sasa.

Kaka Masanja hasemi nami tangu tulipomzika mama. Kivuko cha Kamanga alichopanda kilichelewa, wazee wakasema jua linazama, nami nikakubali tusimsubiri. Alipofika alikuta tunanawa udongo mikononi.

Leo nimempigia tena nilipotoka shule.

"Shikamoo, kaka."

Nikamsikia anapumua.

"Marahaba," akasema, akakata simu. Kila nikipiga ni hivyo. Salamu anaipokea, mimi hanipokei.

Mama angejua la kufanya. Tulipokuwa wadogo alitupozea uji kwa kuumimina kutoka kikombe changu kwenda cha kaka, na kuurudisha, mpaka ukanyweka.

Mimi nina shikamoo tu.