Pua ya Mpwa Wako

Nyumba ya nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu tele. Wewe hujambo, na wifi yangu hajambo? Lile goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Huku mbuzi wanakula, na mimi bado nanenepa, wenye wivu waseme watakavyo.

Kwanza nikupe habari za mpwa wako, maana hakuna atakayekusimulia vizuri kuliko mimi. Ile mboji yake ya mavi ya mbuzi, samahani kwa lugha lakini ndilo jina lake, sasa inagombaniwa. Watu wa bustani wanamwita Injinia. Anachanganya mavi na maranda ya seremala na majani makavu, anarundika nyuma ya banda, ananyunyiza maji, halafu anachomeka nondo katikati. Nondo ikitoka ya moto hadi haishikiki, anacheka peke yake kama aliyeposwa. Kisha analigeuza rundo lote kwa uma wa bustani, la ndani nje, la nje ndani. Wala hana mashine ya kupimia. Ananusa tu. Likinuka mkojo, bado. Likinukia udongo uliopata mvua, tayari. Pua hiyo kairithi kwangu, usibishe.

Sasa kaka, pua hiyo hiyo ndiyo inayoniumiza. Mtoto anakohoa. Mwanzoni nilidhani mafua, lakini siku hizi akigeuza rundo hushika ukuta wa banda mpaka kifua kitulie. Daktari amesema ni vumbi la ukungu unaoota humo ndani, linamwingia mapafuni, na akiendelea hivi mapafu yatakakamaa. Akampa barakoa. Anaivaa kidevuni. Nikimgombeza ananijibu, "Mama, nikiziba pua nitajuaje?"

Nimemficha uma, akageuza kwa sepetu. Nimemnunia, akaniimbia. Mara nikajiona nina akili: vumbi dawa yake maji. Alipokwenda sokoni nikalimwagia rundo ndoo baada ya ndoo. Likapoa, likachacha, likanuka hadi seremala akafunga madirisha.

Aliporudi akauliza, "Nani kalizamisha?" Nikasema mvua. Akatazama juu, jua linawaka. Akanitazama mimi. Akalifumua lote na kulitandaza likauke, akawa analipindua juani. Vumbi nililotaka kumwepushia akalivuta kutwa nzima kwa sababu yangu. Siku hiyo alikohoa hadi akakaa chini.

Nilitaka nikuombe umpigie simu, maana wewe mjomba wake hakubishii. Lakini umwambie nini? Aache? Atakuuliza afanye nini badala yake. Anaipenda kazi ile, na mimi nikimwona pale na uma wake kifua kinanijaa kuliko hata kinavyomjaa yeye.

Nilipofika hapa kwenye barua ameniita nje. Ameshika mboji kiganjani. "Mama, hebu nusa. Leo mimi sisikii harufu yoyote, pua zimeziba." Nimenusa. Kaka, sijapata kunusa kitu kizuri namna ile, udongo mtupu. Sasa nikisema tayari, ataanza kulichekecha rundo leo leo, na vumbi la kuchekecha ndilo baya kabisa. Nikisema bado, atalifumua na kuligeuza upya. Nimemwambia nami mafua yamenibana, nimalize barua kwanza.

Msalimie sana wifi yangu, na watoto, na yule jirani yenu fundi saa anayependa kuniulizia. Mungu awalinde, awape pumzi ndefu nyote humo ndani.

Ananiita tena. Naona kivuli chake mlangoni, kiganja bado amekikunjua. Natoka, na sijui nitamwambia lipi.

Dada yako asiyekupunguzia upendo,
Mama Injinia