Donge la Panzi

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa darasa kaniita. Mwanangu, Panzi wangu, katoka tena katikati ya mtihani. Kaandika jina, kachora maduara pembeni, kisha mbio chooni kutapika. Akitoka tena kwenye mtihani wa wiki ijayo, anarudishwa darasa la nyuma. Eti mvivu. Mvivu! Mtoto anayekagua mkoba asubuhi mpaka nachoka mimi, na bado kitabu kinabaki mezani.

Jumatano, 5 Juni
Daktari wa watoto kamsikiliza Panzi kwanza, mimi baadaye. Nikampenda hapo hapo. Anasema ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: mawazo hayatulii, na hofu. Akisahau, anaogopa. Akiogopa, anasahau zaidi. Tumkatie kazi vipande vifupi, apumzike katikati. Kukata vipande si ndiyo kazi yangu ya kuoka mikate! Baba yake anasema namdekeza. Na aseme.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeharibu. Nilibeba saa ya oveni kutoka kazini, nikaitega mbele yake imhesabie dakika. Hakusoma hata mstari. Macho kwenye saa, kucha mdomoni. Ilipolia, kaingia chini ya meza. Nililia jikoni. Kisha nikanawa, nikaanza kukanda unga.

Donge! Donge halipigi kelele.

Jumamosi, 8 Juni
Nimempa donge dogo kwenye bakuli, kitambaa juu. Soma, nikamwambia, likiumuka likafika ukingoni, pumzika. Mwanzoni alifunua kila mara. Mama, limekufa? Halijafa, linafanya kazi yake kimyakimya, nawe fanya yako. Akacheka. Akasoma ukurasa mzima — mzima! — kisha akalibonyeza kwa kidole kama fundi. Jioni kaomba niongeze hamira, liumuke upesi. Mjanja huyu.

Jumatatu, 10 Juni
Mwalimu: bakuli haliingii chumba cha mtihani. Nikabishana naye mpaka kengele ya mapumziko. Tumekubaliana: nitakaa nalo kwenye benchi, nje ya mlango. Panzi ataruhusiwa kutoka mara moja kuliona, kisha arudi ndani. Mwalimu anaamini hatarudi. Tutaona.

Alhamisi, 13 Juni
Niko kwenye benchi, bakuli mapajani. Panzi kaingia. Kalinusa donge kwanza, wenzake wakacheka.

Baba yake katokea na nguo za kazi. Kakaa kando yangu.

Donge limefika ukingoni. Hajatoka. Sasa mwenye hofu ni mimi. Anaandika, au kaganda? Nichungulie? Hapana. Kama kachora maduara, kachora, nyumbani tunaanza upya.

Limepita ukingo, limeinua kitambaa. Baba yake ananong'ona: mwite basi aje alione. Nimemkanyaga mguu anyamaze.

Linamwagikia sketi yangu, na mlango bado umefungwa; Panzi wangu hajakimbia —